Sekunde 14 za moshi

Ile video yangu ya Honda ya guka mnaijua. Hakuna kitu nimewahi kuposti kimetembea vile. Msichana ndani ya ovaroli ya mtu mwingine, spana mkononi, nduthi ya 1983 inawaka kwa mara ya kwanza tangu kuku waanze kulala juu yake. Mwishoni nainua mikono kama nimemaliza marathoni.

Kuna sekunde 14 nilizikata kwa hiyo video.

Zilikuwa za moshi. Moshi wa bluu, mzito, ule unakuachia ladha ya oili kwa ulimi. Nilizirekodi siku ya nne baada ya injini "kufufuka", nikazitazama usiku mara kama kumi, nikazitoa, nikaposti iliyobaki. Miezi miwili hakuna mtu alijua isipokuwa mimi na guka. Na guka hata hana simu ya kutazama video. Alijua kwa njia yake, nitafika hapo.

Guka yuko Nyandarua, nje kidogo ya Ol Kalou. Alifanya kazi ya AI karibu miaka thelathini. Si hii AI yenu ya kuandikiwa asaimenti. Ile ya zamani, ya kupandisha ng'ombe bila fahali. Honda ndiyo ilikuwa ofisi yake. Nyuma alifunga mtungi wa mbegu zilizogandishwa, akapanda na kushuka matope ya huko msimu baada ya msimu, na mpaka leo ukitembea na yeye sokoni kuna mzee lazima amwambie ng'ombe fulani ni kitukuu cha kazi yake. Mimi ni msichana wa kwanza wa kijana wake wa kwanza, kwa hivyo nina jina la cucu, kwa hivyo guka huniita "bibi yangu" na cucu hujifanya ana wivu. Ndivyo tunaishi.

Sasa, nilipoanza mwaka wa pili chuoni karo ilikwama, na guka akauza mtamba mmoja. Mtamba mzuri, karibu kuzaa. Nikalipa semista moja. Semista iliyofuata sikurudi. Sababu nimeziandika hapa mara nyingi na sitazirudia. Lakini guka hakuwahi kuniuliza. Krismasi mbili, Pasaka mbili, hajauliza. Siku nilimwambia nataka kutengeneza Honda, alinitazama kidogo, akasema, "Itoe kuku kwanza."

Kwa hivyo mnaelewa. Haikuwa tu nduthi.

Hiyo Honda ni CG125. Zilianza kutengenezwa 1976, na zilifikiriwa kwa ajili ya nchi ambazo pikipiki inabebeshwa watu wanne na gunia, halafu oili inabadilishwa Mungu akipenda. Yaani sisi. Injini nyingine ndogo za Honda wakati huo zilikuwa na kemshafti juu kwa hedi, inazungushwa na cheni. Kwa hii waliishusha chini, valvu zikawa zinasukumwa na fimbo mbili nyembamba. Cheni ya nyuma wakaifunika yote kwa bati ili vumbi lisiifikie. Baadaye Wachina walichukua muundo huo wakautengeneza kwa mamilioni, ndiyo maana ukifungua nduthi nyingi za Kichina za boda utakuta zile fimbo mbili zinakungoja. Kumbukeni hiyo, itarudi.

Guka aliipaki kwa sababu ilikuwa inakunywa oili kama petroli. Moshi mweusi ni petroli nyingi, moshi mweupe wa asubuhi mara nyingi ni unyevu tu, lakini moshi wa bluu ni oili inaungua. Oili inaingia mahali haifai kuwa. Kuna njia mbili kubwa: inashuka kutoka juu kupitia valvu, au inapanda kutoka chini kupita ringi.

Ili kujua ni gani, niliazima geji ya kupima nguvu ya silinda kutoka kwa fundi wa mjini. Unatoa plagi, unafunga geji, unafungua kabureta wazi kabisa, unapiga kiki mpaka sindano iache kupanda. Nikapata 70. Halafu unamwaga kijiko cha oili ndani kupitia tundu la plagi, unapiga tena. Nikapata 110. Maana yake, ile oili iliziba mahali hewa ilikuwa inatorokea. Kama shida ingekuwa valvu, oili isingesaidia, kwa sababu haikai huko juu. (Usishtuke namba zikiwa chini ukiwa Nyandarua. Huko juu hewa yenyewe ni nyepesi. Linganisha ya kwanza na ya pili.)

Kwa video nilisema, kwa sauti ya mtu amesoma, "Hii inatuambia ringi zimekufa."

Hapana. Inatuambia ni ringi AU silinda. Hiyo "au" niliiruka, na kila kitu kibaya kwa hii stori kilitoka hapo.

Wacha nieleze ringi kwa wale wanafikiri ni za vidole. Pistoni haigusani na ukuta wa silinda ipasavyo, lazima kuwe na nafasi, kwa sababu ikipata moto inanenepa. Hiyo nafasi inazibwa na ringi, ambazo zinakaa kwa mifereji iliyochongwa kwa pistoni na zinajisukuma kwenda nje kama springi. CG ina mifereji mitatu. Ya juu inazuia moto na presha. Ya pili inasaidia na pia inakwangua oili kuirudisha chini. Ya tatu ni ya oili peke yake, na hiyo ni vipande vitatu: springi iliyokunjwa kunjwa katikati, na vyuma viwili vyembamba kama wembe, kimoja juu, kimoja chini. Ringi pia zinatoa joto kwa pistoni na kulipeleka kwa ukuta. Kila ringi ina mwanya, imekatwa mahali pamoja. Bila huo mwanya huwezi kuivalisha, na ikipata moto haitakuwa na pahali pa kupanukia.

Kufungua ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa. Hedi ikatoka, zile fimbo mbili nikaziweka kwa kadibodi nikiandika ipi ya wapi, silinda ikatoka kwa kuigonga taratibu na mpini wa mbao. Niliziba mdomo wa krenki kwa kitambaa safi, na hapa nawaomba msiwahi kuruka hatua hiyo, kwa sababu ile klipu ndogo inayoshika pini ya pistoni iliruka kama panzi. Bila kitambaa ingeingia ndani ya injini. Badala yake iliruka hadi uani na kuku mmoja akaikimbilia akidhani ni chakula. Mnakumbuka hiyo sehemu, ilipata kicheko sana. Kuku alishinda. Klipu mpya ni shilingi 20, na hata hivyo klipu haifai kurudishwa ikishatolewa.

Halafu kuna ile sehemu hakuna mtu aliiona, na iko kwa video wazi, dakika ya sita. Napitisha kidole ndani ya silinda nikisema, "Iko smuthi kabisa." Ukitazama vizuri, ukucha wangu unakwama karibu na juu. Unakwama kabisa, mpaka mkono unasita.

Huo ni ukingo. Ringi ya juu haifiki mwisho wa silinda, inaishia milimita kadhaa chini. Hapo inaposimama na kugeuka ndipo moto ni mkali, presha ni kubwa na oili ni kidogo, kwa hivyo ukuta unaliwa zaidi hapo kuliko mahali pengine. Juu yake chuma kinabaki kama kilivyotoka kiwandani. Ukiusikia ukingo huo kwa ukucha, silinda inakuambia ipimwe. Mimi niliusikia. Nilisikia na nikaendelea kuongea.

Na "smuthi kabisa" si sifa. Ukuta wa silinda unafaa uwe na mikwaruzo midogo inayokatana kama wavu. Inashika oili, na pia inaisaga ringi mpya kidogo mpaka ilingane na ukuta. Wa guka ulikuwa unang'aa kama kioo. Niliupiga picha nikifikiri ni urembo.

Nilienda Nairobi, Kirinyaga Road, nikaingia duka la spea nikasema nataka ringi za CG. Jamaa wa duka aliniuliza, "Standadi ama oversaizi?" Nikasema standadi kwa sababu hilo ndilo neno nilielewa. Shilingi 450. Nikarudi, nikavalisha, nikafunga, nikapiga kiki. Kiki ya kumi na moja ikawaka. Nililia, hiyo haikuwa ya kamera.

Ikatoa moshi kidogo. Nikasema ni oili niliyopaka wakati wa kufunga, inaungua. Hiyo huwa kweli, kwa dakika chache. Kisha nikaiacha ikinguruma palepale bila kuendeshwa, kama dakika ishirini, nikitafuta engo nzuri ya picha ya jalada. Siku ya nne nikaipeleka barabarani, na nikiangalia nyuma naona nimejifunika wingu langu mwenyewe.

Jioni guka alitoka akaja pale imepakiwa. Alingoja ekzosi ipoe. Akaingiza kidole ndani, akazungusha, akakitoa, akakiangalia. Kilikuwa cheusi na kinang'aa, kama amechovya kwa mafuta ya nywele. Akakipangusa kwa koti. Akasema, "Sawa, bibi yangu." Akaingia ndani kuangalia taarifa ya habari.

Ningependa angenigombeza.

Mnaniuliza kwa nini niliposti. Nilikuwa nimeshaweka kionjo, sekunde thelathini tu, na chini yake kulikuwa na mbogi nzima ya wanaume wananingoja. "Hii haimalizi wiki." "Dada rudi jikoni." "Fundi wa kweli ni nani hapo nyuma ya kamera?" Kuna mmoja aliandika tu, "Tutaona." Na mimi tayari ni yule wa kuacha chuo, kila mtu kwa familia ana ile sauti akisema jina langu. Sikuweza kuwapa moshi. Kwa hivyo nikawapa mikono juu.

Halafu nikapata meseji ya huyu msee wa boda. Simtaji, yeye mwenyewe amesema niandike lakini jina aachiwe. Anabeba watu upande wa Kasarani, nduthi yake ni ya Kichina, 125, zile fimbo mbili. Ilikuwa inatoa moshi. Badala ya kulipa fundi alitazama video yangu mara tatu, akanunua ringi, akafungua mwenyewe usiku nje ya nyumba kwa taa ya simu. Akafunga. Ikatoa moshi kuliko mwanzo. Akafungua tena, akafunga tena. Siku tatu hajabeba mtu. Na nduthi ni ya mkopo, shilingi 450 kila siku, ubebe usibebe. Meseji yake haikuwa na matusi. Ilisema: "Siz, yako ilikubali aje? Yangu imekataa na nimefanya vile ulifanya."

Nilikaa na hiyo simu mkononi muda mrefu. 450 ndiyo bei ya ringi, nikafikiria hivyo, sijui kwa nini.

Nikampigia. Nikamwambia, "Bro, yangu haikukubali."

Kimya. Halafu akasema, "Kumbe."

Kesho yake nilitoka Ol Kalou na silinda ya guka ndani ya begi la shule nimeifunga kwa taulo. Tukakutana Kariobangi Light Industries, yeye na silinda yake kwa mfuko wa unga. Alituelekeza kwa fundi mmoja mzee wa mashine, kibanda kidogo, sakafu yote ni vipande vya chuma vilivyojikunja. Yule mzee alizungumza na msee wa boda tu. Nikiuliza swali, anamjibu yeye. Hiyo ilikuwa kawaida mpaka saa sita hivi.

Alichukua ringi yangu mpya, ile ya shilingi 450, akaiingiza ndani ya silinda bila pistoni. Akaisukuma chini kwa kutumia kichwa cha pistoni, ili ikae sawa isilale upande. Akaifikisha karibu na mwisho wa chini, mahali ringi hazifiki, kwa hivyo ukuta haujaliwa. Akachukua fila, vile vibati vyembamba vya kupimia, akajaribu kimoja kimoja kwa mwanya. 0.20 ya milimita. Mafundi wengi wanakadiria 0.1 kwa kila milimita 25 za kipenyo. Silinda ya CG ni 56.5, kwa hivyo 0.2 na kidogo. Chini, ringi ilikuwa nzuri.

Kisha akaivuta juu, chini kidogo ya ule ukingo. Akapima. 0.58.

Hapo ndipo nikafungua mdomo. Ringi ni duara. Silinda ikiongezeka kipenyo, mzingo unaongezeka mara 3.14 ya hicho kiasi, na mzingo wote wa ziada unaonekana mahali pamoja tu, kwa mwanya. 0.58 toa 0.20 ni 0.38. Gawanya kwa 3.14. Silinda ya guka ilikuwa imeliwa karibu 0.12 ya milimita juu kuliko chini. Unene wa karatasi ya daftari na kidogo. Nikasema hivyo kwa sauti. Yule mzee akaniangalia mara ya kwanza, akaenda akaleta geji yake ya kupimia ndani ya silinda, akapima, akasema, "Kumi na mbili, kumi na tatu." Kutoka hapo akawa anaongea na mimi.

Ni hesabu ya shule ya msingi. Lakini nimekaa mwaka na nusu nikiambiwa nilitupa elimu, kwa hivyo niachieni hiyo moja.

Ringi yoyote mpya ungeweka kwa silinda hiyo ingekuwa inafunguka na kujifunga kila ikipanda na kushuka, maelfu ya mara kwa dakika, kwa bomba ambalo si bomba tena. Na silinda haiishi kwa mduara sawa. Inaliwa zaidi mbele na nyuma, kwa sababu pistoni inasukumwa na konrodi ikiwa imeinama. Ringi ni mduara, tundu limekuwa kama yai. Moshi.

Ya msee wa boda ilikuwa imeliwa pia, na juu ya hiyo kulikuwa na kosa jingine. Ile springi ya ringi ya oili, ncha zake zinafaa kukutana uso kwa uso. Zake zilikuwa zimepandana. Ringi ya oili haikuwa inafanya kazi hata kidogo. Aliniuliza kama nilionyesha hiyo sehemu. Nikafungua video yangu pale pale tukatazama. Sikuonyesha. Kuna muziki, mikono yangu inaenda haraka, halafu ringi ziko ndani. Niliikata kwa sababu taa ilikuwa mbaya.

Dawa ni moja: kuchimba silinda iwe kubwa, na kununua pistoni kubwa na ringi za saizi hiyo. Zinakuja kwa hatua: 0.25, 0.50, 0.75, milimita moja. Nikauliza kama 0.25 haitoshi. Mzee akasema inaweza kuacha sehemu iliyoliwa zaidi bila kuguswa, twende 0.50 tumalize maneno. Silinda ya guka sasa ni 57.

Bei: kuchimba na kupiga mawe 1,500, pistoni na ringi na pini 1,800, gasketi 350. Mara mbili. Ile video ilikuwa imenilipa 6,200 mpaka siku hiyo. Nililipa ya msee wa boda yote, nikamwongezea siku zake tatu za mkopo. Alikataa hizo za mkopo, tukabishana, akachukua mbili. Kilichobaki hakikutosha, kwa hivyo silinda ya guka ililala kwa kibanda cha yule mzee mwezi mzima nikitafuta doo. Alinitunzia imepakwa oili. Chuma kilichotoka kuchimbwa kinashika kutu haraka sana.

Mara ya pili nilifunga polepole. Nilioga silinda kwa maji moto na sabuni ya unga kwa sababu yale mawe yanaacha unga wa kusaga ndani ya mikwaruzo, na petroli haiutoi wote. Unapangusa kwa kitambaa cheupe, kikitoka kijivu unaosha tena. Niliosha mara tano. Cucu aliuliza kama nimeanza biashara ya sufuria. Kisha oili mara moja.

Nilipima mwanya wa kila ringi kabla ya kuivalisha. Ukiwa mdogo sana ncha zinakutana zikipata moto na kitu lazima kivunjike. Nilianza na ringi ya oili kutoka chini, springi kwanza, ncha uso kwa uso, nikaipiga picha kwa jua la saa nne. Halafu ya pili, halafu ya juu, herufi iliyochapwa kwa ringi ikiangalia juu. Unazipanua kwa vidole gumba kiasi cha kupita tu. Ukivuta kama raba ya nywele zinakatika. Mianya nikaitawanya, isifuatane kwa mstari mmoja. Kwa kichwa cha pistoni imeandikwa IN, hiyo inaangalia upande wa kabureta. Oili, kisha silinda ikashuka huku nikibana ringi kwa vidole, moja baada ya nyingine. Ikigoma usiigonge, kuna ringi imetoka nje ya mfereji wake. Yangu iligoma mara moja. Nikaitoa, nikapumua, nikaanza tena.

Na ilipowaka sikuiacha ikinguruma ikitafutiwa engo. Ringi mpya inasukumwa kwa ukuta na presha ya moto inayoingia nyuma yake. Bila kazi hakuna presha, ile mikwaruzo inajaa oili iliyoungua na kuwa kioo kabla ringi haijakaa. Niliipasha moto kidogo, nikashuka nayo taratibu hadi Gilgil, nikageuka, nikapanda. Ule mlima wa kurudi Ol Kalou ni mzuri sana kwa hii kazi. Unaipa mafuta, unaachia, unaipa, unaachia, bila kuikaba na bila kuibembeleza. Nikifika nyumbani nikamwaga oili ingali moto. Ilikuwa inametameta kama vipodozi. Nikaweka mpya.

Nilingoja wiki mbili kabla ya kusema chochote hapa. Nimeendesha kilomita 600 na kidogo. Msee wa boda alituma picha ya kijiti chake cha kupimia oili Jumapili, mstari uko pale pale. Hakuandika kitu, picha tu na ule mkono wa gumba juu.

Guka alikuja jioni ya kilomita 600. Akangoja ekzosi ipoe, akaingiza kidole, akazungusha. Kilitoka na vumbi kavu la kijivu. Akakisugua na gumba, vumbi likaanguka. Mkono ulienda kwa koti kupangusa, ukasimama njiani, hapakuwa na kitu cha kupangusa.

"Ulichimba?" akaniuliza.

"Hamsini," nikasema.

"Na chuo, watakurudisha wakikubali?"

Nikamwambia sijui, na nikamwambia pia sijui kama nataka. Akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kofia iko wapi, na cucu akapiga kelele kutoka jikoni kwamba mtu wa miaka 81 haendi mahali.

Ile video ya zamani sijaifuta, ila nimeandika juu yake msifuate. Mpya ina dakika 31. Ringi ya oili ni dakika ya 19, taa iko sawa. Moshi uko dakika ya nne, sekunde zote 14.